Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Radovan aliandika kianzishi cha mfumo
jikoni kwake, Ostrava, juu ya reli ya tramu,
majira mawili ya baridi, kijiko kimesahauliwa kikombeni.
Mistari elfu mbili na mia tatu.
Kazi yake moja: kompyuta ikiwashwa
kiamke kwanza, kiwaamshe wengine,
kisha kikae kimya
kama mlinzi aliyemaliza gazeti lake.

Msimbo ulikuwa wazi. Yeyote asome, yeyote abadili.
Mimi nilisoma. Nilikuwa na kompyuta tisa
katika maktaba ya shule ya wachimba makaa,
kuukuu, za kunguruma, moja kibodi yake haina herufi Ř.
Nikamtumia viraka vyangu vya kwanza,
akavirudisha: "Bohdana, acha mistari miwili mitupu
kabla ya kila fungu jipya. Macho nayo hupumua."

Kampuni ilipokuja haikuja na rungu.
Ilikuja na barua ya adabu na viraka kumi na vinne,
vyote vizuri. Nasema kweli: vizuri.
Kimoja kiliziba tundu tulilolitazama miaka mitatu
jinsi mtu anavyotazama paa la jirani linalovuja.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Huyu alishuka na jembe lake,
na wakulima sitini, na mishahara yao,
akalima kabla hatujaamka,
akalima hadi matuta yetu yakageuka upande,
nasi tukasema kazi nzuri, ahsante,
na tulipoutafuta mpaka
mpaka ulikuwa umeshalimwa.

Hakuna aliyetushurutisha. Hilo liandikwe.
Kamati ilikuwa na viti saba.
Mwaka wa kwanza, beji moja ya bluu shingoni.
Mwaka wa tatu, nne.
Kura zikapigwa, zikahesabiwa, zikatosha.
Kianzishi kikafika mistari elfu tisini,
kikashika saa, kikashika mtandao, kikashika kumbukumbu,
yule mlinzi sasa ana funguo za vyumba vyote
na hasomi tena gazeti.
Seva zao ndivyo zilivyotaka.
Seva hazina jiko.

Mkono mtupu haulambwi.
Radovan alikuwa na mapacha, na kodi ya nyumba, na jino.
Wakamwajiri afanye kazi
aliyokuwa akiifanya bure.
Nilimpongeza. Tulikula keki ya jibini tukiwa tumesimama,
na beji yake ikachovya kwenye sahani.

Kisha Novemba, siku ya Jumanne, badiliko moja,
jina lake juu, anwani ya kampuni chini:
ondoa uwezo wa kuamsha mashine za zamani.
Sababu: hakuna anayezitumia.

Mimi nilikuwa nazitumia tisa.

Na alijua. Aliwahi kupiga magoti maktabani
akipuliza vumbi kwenye feni ya ile ya mwisho.

Leseni ingali wazi. Ndio utamu wake, ndio uchungu wake:
unaruhusiwa kuchukua kila kitu, uende zako.
Uende wapi, peke yako,
na mistari elfu tisini mgongoni?

Nikachukua toleo la zamani, lile la jikoni.
Nane ziliamka.
Ya tisa ilikwama kwenye nukta nyeupe,
wiki nzima, ikipepesa.

Jumapili, saa nane na nusu usiku, kiraka kikaingia.
Anwani isiyo ya kampuni. Hakuna jina.
Mistari minne tu, na kabla yake


miwili mitupu.

Sijamshukuru. Huenda kuna karatasi aliyoitia saini
inayosema hata usiku wake una mwenyewe.
Nilikipokea, basi.
Asubuhi ya tisa ikanguruma,
ile isiyo na Ř.